Mkisema kanisa liligawanyika kwa mafundisho, mi nauliza kiti kilikuwa cha nani

Kuna kauli naisikia kila watu wakianza kubishana mambo ya madhehebu, kwamba zamani kanisa lilikuwa moja, safi, watu wanapendana, halafu mwaka 1517 akaja Martin Luther akaharibu, na kama anayebisha ni Mprotestanti basi aliyeharibu ni Konstantino, yule Kaisari wa Roma aliyeukubali Ukristo. Mi zote mbili sizikubali, wala ile ya kwamba waligawanywa na mafundisho tupu, mi naona ni kugombania kiti cha askofu. Ukiisoma Biblia yenyewe taratibu utakuta ugomvi umeshafika Matendo ya Mitume mlango wa sita, wajane wa Wayahudi wanaoongea Kigiriki wanarukwa kwenye mgao wa chakula na wajane wa Waebrania wanapata, yani kanisa bado bichi kabisa tayari kuna malalamiko ya ukabila jikoni. Mlango wa 15 Paulo na Barnaba wanagombana kwa ajili ya kijana mmoja tu, Marko, mpaka kila mmoja anashika njia yake. Korintho ndo usiseme, huyu wa Paulo, huyu wa Apolo, huyu wa Kefa.

Sasa swali langu mimi ni hili, kama walikuwa wanagombana hivyo mbona hawakuvunjika vipande vipande mapema? Jibu langu ni kwamba hakukuwa na cha kugombania. Askofu enzi zile ndo mtu wa kwanza kukamatwa. Fabian, askofu wa Roma, aliuawa Januari 250 kwenye mateso ya Kaisari Decius na kile kiti kikakaa wazi zaidi ya mwaka mzima, hakuna uchaguzi wala kampeni.

Na lilikua, tena lilikua kwa kazi za kawaida tu ambazo hakuna mtu anazipigia makofi. Kulisha watu, kuzika watu, kuuguza wagonjwa wakati wa tauni wengine wote wanakimbia. Pliny, gavana wa Kirumi kule Bithinia, upande wa Uturuki ya leo, mwaka 112 hivi alimwandikia Kaisari Trajan akilalamika kwamba mahekalu yalikuwa karibu kubaki matupu na nyama za sadaka zilipata wanunuzi wachache mno, na ili ajue hawa watu wanafanya nini hasa akawatesa watumwa wawili wanawake ambao walikuwa mashemasi. Hao ndo viongozi wa kanisa aliowapata, wajakazi wawili. Hapo nani atagombea cheo?

Ila angalia mambo yanavyobadilika polepole. Mwaka 251 Roma wanamchagua Cornelius kuwa askofu, na kuna barua yake inataja kwamba kanisa la Roma lina mapadre 46, mashemasi 7 na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 wanaolishwa na kanisa. Mi hiyo namba huwa inanifurahisha sana, watu 1,500 wanakula kila siku kwenye dini ambayo kisheria haitakiwi hata kuwepo! Lakini hiyo barua aliiandika kwa sababu gani? Kwa sababu Novatian naye amejitangaza kuwa askofu wa Roma, wanagombania kiti hichohicho, hoja ikiwa ni kama waliomkana Kristo wakati wa mateso warudishwe kanisani au la. Hoja ni nzito, sibishi. Nasema tu kwamba anayekaa pale sasa hivi ana bajeti ya watu 1,500.

Karthago, Afrika ya Kaskazini, ndo nikaielewa hii kitu vizuri. Diocletian anatoa amri mwaka 303 kwamba vitabu vitakatifu vichomwe, kuna waliokubali kuvitoa na kuna waliokufa wakikataa. Mateso yakiisha Caecilianus anachaguliwa askofu, wapinzani wanasema aliyemwekea mikono alikuwa ni mmoja wa waliotoa vitabu kwahiyo uaskofu wake ni batili. Sawa, hiyo ni hoja ya dini. Ila pembeni kuna mama mmoja tajiri, Lucilla, ambaye Caecilianus akiwa shemasi alimkaripia mbele za watu kwa sababu alikuwa na kawaida ya kubusu mfupa wa mfiadini kabla ya kushiriki meza ya Bwana. Mama hakusahau. Askofu wa upande wa pili akatoka nyumbani kwake, Majorinus, mtu wa nyumba yake huyo Lucilla, na baada ya Majorinus akaja Donatus ambaye kundi likachukua jina lake. Halafu Konstantino akatuma hela za serikali kwa makasisi wa Afrika, na barua ilikwenda kwa Caecilianus, wale wengine hawakupata hata senti. Hapo ndo basi tena. Huwezi kuniambia mgawanyiko uliodumu zaidi ya miaka mia moja ulikuwa ni theolojia tupu wakati upande mmoja unalipwa na Kaisari na mwingine haulipwi.

Mwaka 411 wakaitwa Karthago wajadiliane mbele ya mjumbe wa Kaisari, Marcellinus, maaskofu zaidi ya 280 kila upande, Augustino akiwemo. Marcellinus akawakaribisha wakae. Wadonati wakakataa, wao hawaketi na waovu. Basi Marcellinus naye akakataa kukaa wakati maaskofu wamesimama! Watu wazima kwa mamia, wanaohubiri Injili ileile, wamesimama kwenye joto la Juni la Karthago kwa sababu hawataki kuketi pamoja.

Roma nako, mwaka 366, Damasus na Ursinus wanagombania uaskofu, wafuasi wao wanapigana kanisani, na Ammianus, mwanahistoria ambaye hata Mkristo hakuwa, anaandika kwamba zilikutwa maiti 137 kwa siku moja ndani ya basilika. Anaongeza kwamba yeye hashangai, maana aliyekipata hicho kiti anatajirika kwa zawadi za mabibi wa mjini, anatembea kwa gari la kukokotwa, amevaa vizuri, na karamu zake zinazishinda za wafalme. Kuna afisa mmoja mkubwa wa Kirumi, Praetextatus, mpagani, alikuwa akimtania Damasus, nifanyeni askofu wa Roma nami nitakuwa Mkristo hapohapo. Utani wa namna hiyo Pliny asingeuelewa kabisa.

Haya twende kwenye kubwa lenyewe, maana watu wengi kwetu wanadhani mpasuko mkubwa wa kwanza ni wa 1054 au wa Luther. Hapana. Kabla yao kulikuwa na mkutano mkuu wa maaskofu wa Kalkedonia, mwaka 451, ndo pale Wakopti wa Misri, Waethiopia, Waarmenia na Wasiria wengi walipobaki upande mmoja, na Roma na Konstantinopoli upande mwingine. Ukiuliza utaambiwa waligombana kama Kristo ana asili moja au mbili. Ni kweli. Ila rudi nyuma kidogo. Mwaka 381 mtaguso, yani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Konstantinopoli uliamua kwamba askofu wa mji huo awe wa pili baada ya Roma, sababu wakaiandika wazi kabisa, ni Roma Mpya, yani kwa sababu Kaisari anakaa pale. Mpaka hapo aliyekuwa wa pili ni Aleksandria. Jiji la elimu, jiji la ngano, jiji la Athanasio, linashushwa na mji ambao juzijuzi ulikuwa bandari ndogo tu.

Na sasa hesabu na mimi. Mwaka 403 Theophilus wa Aleksandria anaitwa Konstantinopoli ajibu mashtaka, akifika anageuza kesi, anayehukumiwa anakuwa askofu wa Konstantinopoli mwenyewe, Yohane Krisostomo, akaishia kufia uhamishoni. Mwaka 431 Cyril wa Aleksandria, mtoto wa ndugu yake Theophilus, anamwangusha Nestorius wa Konstantinopoli kule Efeso, kikao kikianza kabla maaskofu wa Antiokia hawajafika. Mwaka 449 Dioscorus wa Aleksandria, aliyekuwa shemasi mkuu wa Cyril, anamwangusha Flavian wa Konstantinopoli, Efeso tena, kikao chenye vurugu kiasi kwamba Papa Leo alikiita cha majambazi, na Flavian akafa muda mfupi baadaye. Mara tatu ndani ya miaka 46, Aleksandria ileile inamtoa askofu wa Konstantinopoli yuleyule wa cheo. Mafundisho yaliyobishaniwa kila mara ni tofauti, anayeanguka ni mmoja.

Cyril mwenyewe, ambaye ni mwanatheolojia mkubwa na mi namheshimu, tunayo orodha ya zawadi walizopeleka kwa wakubwa wa ikulu baada ya Efeso ili mambo yaende sawa, mazulia, viti vya pembe za ndovu, dhahabu kwa ratili, kila mkubwa kaandikiwa chake, hadi watu wa chumbani kwa malkia. Kanisa lake lilikopa ili kulipa. Kwa Kiswahili cha mtaani tunajua hiyo inaitwaje.

Kwahiyo 451 ilipofika Konstantinopoli wakalipiza. Dioscorus akavuliwa uaskofu, na kikao hichohicho kikapitisha kanuni ya 28 ya kuipa Konstantinopoli heshima sawa na Roma, na Papa Leo, ambaye barua yake kuhusu asili za Kristo ilishangiliwa pale, kanuni ile akaikataa katakata. Theolojia alipokea, mambo ya kiti akasema hapana.

Sasa mtu atanambia unawadharau watu, kwani waumini nao walikuwa wanagombea kiti? Hapana, na hapa lazima niwe mkweli. Gregory wa Nyssa anasimulia kwamba Konstantinopoli ya wakati wake ukimwuliza mtu bei ya mkate anakujibu Baba ni mkuu kuliko Mwana, ukiuliza kama maji ya kuoga yako tayari anakuambia Mwana aliumbwa kutoka kusikokuwa na kitu. Alikuwa anakejeli, ila inaonyesha watu wa sokoni walikuwa wanajali kwelikweli. Wakulima wa Misri waliompenda Dioscorus hawakupata hata uzi wa zile zulia. Walioamini waliamini. Ila muumini akitofautiana na mwenzake wanabishana, jua linazama, kesho wananunua mkate palepale. Kuligawa kanisa kunahitaji watu wenye majengo, mihuri na wanajeshi.

Na ushahidi wangu ni huu. Tarehe 10 Mei 1973 Papa Paulo wa Sita na Papa Shenouda wa Tatu wa Wakopti walisaini tamko la pamoja kuhusu Kristo, na ukilisoma unaona kabisa wanaungama kitu kimoja. Miaka 1,522 baada ya Kalkedonia. Je waliungana? Hawakuungana. Antiokia leo ina mapatriaki watano wenye cheo hichohicho, wa Kiorthodoksi wa Kigiriki, wa Kiorthodoksi wa Kisiria, Mmelkiti, Mmaroni na Mkatoliki wa Kisiria, na hakuna hata mmoja anayeishi Antiokia.

1054 naipita haraka maana ni vituko. Kardinali Humbert anaweka hati ya kumtenga Patriaki Michael Kerularios wa Konstantinopoli juu ya altare ya Hagia Sophia tarehe 16 Julai, wakati Papa aliyemtuma ameshakufa tangu Aprili, na kwenye hati anawashtaki Wagiriki kwamba wameyafuta maneno kwenye Kanuni ya Imani ambayo kiukweli ni Walatini walioyaongeza. Kilichowauma Wagiriki kuliko ile hati ni 1204, wapiganaji wa msalaba walipoipora Konstantinopoli. Mwaka 1965 zile laana za pande zote mbili zikafutwa rasmi.

Na Luther? Watu wanamjua yeye na hoja zake 95, ila wengi hawamjui Albrecht. Huyu alikuwa tayari askofu mkuu wa Magdeburg, akautaka na wa Mainz, Roma ikakubali kwa malipo, hela akakopa kwa mabenki ya Fugger, na ili kulirudisha deni akaruhusiwa kuuza vyeti vya rehema, yani vya kupunguziwa adhabu ya dhambi, nusu ya makusanyo iende kujenga kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma na nusu ilipe mkopo. Hivyo ndivyo vyeti vilivyomchefua Luther.

Kwetu huku tulivipokea vyote vikiwa vimeshaiva. Buganda watu hawakuitana Wakatoliki na Waprotestanti, waliitana Wafaransa na Waingereza, na Januari 1892 wakapigana Mengo kwa bunduki, Lugard, ofisa wa kampuni ya Uingereza, akiwasaidia hao walioitwa Waingereza, yani Waprotestanti, na baada ya hapo uchifu ukagawanywa kwa dini, Wakatoliki wakapewa jimbo la Buddu na Waprotestanti wakabaki na sehemu kubwa ya vyeo. Hao ni watu ambao kizazi kimoja nyuma hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amebatizwa.

Kuna mmoja tu ananisumbua kwenye hii nadharia yangu, Askofu Frank Weston wa Zanzibar, Mwanglikana. Mwaka 1913 wamisionari walikutana Kikuyu, kwenye misheni ya Waskoti, wakapanga namna ya kushirikiana na mwishoni Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti wakashiriki meza moja. Weston akawashtaki maaskofu wenzake wa Uganda na Mombasa kwa uzushi, huko kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kabisa, mkuu wa Waanglikana, ugomvi ukajaa kwenye magazeti ya Uingereza. Na huyu hakuwa anatafuta ukubwa wala hela, ndo huyohuyo aliyekuja kupiga kelele dhidi ya Waafrika kulazimishwa kazi na serikali ya kikoloni Kenya. Aliamini tu kwamba bila askofu hakuna kanisa. Kwahiyo wapo wanaogawanya kwa imani kabisa, namkubali kama mfano wa upande wa pili, japo hata kwake suala lilikuwa ni lilelile la askofu ni nani.

Mpango wa Kikuyu haukuzaa kanisa moja. Kufikia mwaka 1955 pale Limuru, Kenya, Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti walikuwa wanawasomesha wachungaji wao pamoja kwenye chuo kimoja, St. Paul's, na wakaweza vizuri tu, walimu wamechanganyika, wanafunzi wanalala mabweni mamoja, wanasoma Agano Jipya kwa mwalimu mmoja. Mazungumzo ya miaka ya 1960 ya kuyaunganisha makanisa yenyewe ya Afrika Mashariki yakafa, na wale wachungaji waliomaliza Limuru kila mmoja akarudi kuwekewa mikono na wakubwa wake.