Mzee Kaoga, Hamira Imechelewa

Julai Mbeya maji ya bomba yanauma. Jengo zima lilikuwa na maji ya uvuguvugu sehemu moja tu: beseni la umeme la maabara, nyuzi 30, mali ya hamira. Mzee mlinzi alilijua beseni hilo kuliko nilivyodhani.

Usiku ule nilikuwa nafuatilia jeni za hamira zinavyowashwa na kuzimwa kwa zamu, tangu seli ijiandae kugawanyika hadi igawanyike. Mwaka 1998 Spellman na wenzake walihesabu jeni kama 800 zenye tabia hiyo. Mimi nilitaka 4 tu. Ila ili zamu zionekane, seli zote lazima zianze pamoja. Nilichukua MATa (moja ya jinsia mbili za hamira) isiyo na jeni ya BAR1, kwa sababu yenye BAR1 hutoa kimeng'enya kinachotafuna feromoni alfa, kemikali ya jinsia ya pili inayozisimamisha seli kabla hazijaanza kugawanyika, unamwaga mikrogramu 5 kwa mililita na bado seli zinaponyoka. Bila BAR1, nanogramu 50 zinatosha. Baada ya saa 2 hadubini ilionyesha seli zimechongoka upande mmoja, karibu zote hazina chipukizi (seli binti inayochomoza hamira inapogawanyika). Protini Far1 imeshaibana kinasi ya Cln na Cdc28, kimeng'enya kinachobandika fosfeti na kuisukuma seli mbele, hakuna anayesogea.

Hapo unazungusha kwenye sentrifuji, unamwaga, unaosha mara mbili kwa lishe isiyo na feromoni, iliyopashwa moto (ukimwaga ya baridi zinaduwaa, na mwanzo wa pamoja umeupoteza). Unabonyeza saa. Kila dakika 10 unachota mililita 10, unazungusha, unagandisha.

Ndani ya seli, mlinzi ni protini iitwayo Whi5. Anakalia SBF, kiwashio cha jeni, yaani protini Swi4 na Swi6, isiwashe kitu. Cln3 na Cdc28 wanambandika fosfeti, anatolewa nje ya kiini, SBF inawasha CLN1 na CLN2. MBF, kiwashio kingine, nayo inawasha CLB5 na RNR1, maana DNA inataka malighafi. Baadaye Fkh2, Mcm1 na Ndd1 wanawasha CLB2 na SWI5. Protini ya Swi5 inasubirishwa nje ya kiini na fosfeti zake mpaka Cdc14 izing'oe, ndipo inaingia kuwasha SIC1, breki ya kinasi. Kwa nyuzi 30, CLN2 hufika kileleni kwenye dakika 20 hadi 30, CLB2 kwenye 60 hivi.

Whi5 alikuwa anajiandaa kutoka. Mlinzi wetu sisi akaingia.

Natoka chumba cha sentrifuji, dakika ya 20, nakuta chupa imekaa juu ya bati kavu. Taa nyekundu inawaka: maji yakipungua, hita inajizima yenyewe isiungue. Matone sakafuni yanaelekea mlango wa nyuma. Nikayafuata. Mzee yuko nje, kajifunga taulo kiunoni, ndoo mbele yake, povu limejaa masikioni.

"Shikamoo, mzee. Hayo maji..."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Mashine yenu mbovu hii, maji hayachemki. Mwiteni fundi."

Nikajaza ya bomba. Hita ikahangaika karibu saa nzima kurudi nyuzi 30, na muda wote huo seli hazikufa, zilizubaa tu. Nikaendelea kuchota. Kwa bahati katika kila sampuli nilikuwa nahesabu seli 200, zenye chipukizi na zisizo nacho, na hesabu hiyo ndiyo iliyookoa usiku. Tulipopima RNA, yaani nakala za jeni zilizowashwa, tukilinganisha na ACT1, jeni isiyofuata zamu hizo, CLN2 ilikuwa imechelewa na CLB2 ikajitokeza baada ya dakika ya 120. Lakini hakuna aliyeruka foleni: CLN2, RNR1, CLB2, SIC1. Wimbi moja huzaa kinachofungua linalofuata; hata Ndd1 hubandikwa fosfeti na kinasi ya Clb ndipo CLB2 iwake sawasawa. Saa ya ukutani haiulizwi. Nilipochora grafu kwa asilimia ya vichipukizi badala ya dakika, vilima vilikaa karibu pale pale vinapokaa siku zote.

Kwenye daftari, safu ya hitilafu, nikaandika: "Dak. 20, beseni tupu, mlinzi kaoga." Msimamizi akaisoma mara mbili, akavua miwani.

"Sabuni aliipakia wapi," akauliza, "nje au ndani ya beseni?"