Miwani ya ndoto: sensa (kihisi) iko sawa, usingizi ndio hatuna

Kila nikileta hii stori ya kujitengenezea kifaa cha kufuata macho ukiwa umelala, ndio uote huku unajua unaota, watu wanagawanyika. Kuna wa kusema huo ni upuzi wa YouTube na kuna wale tayari wanauliza spea ni pesa ngapi. Mimi nimetengeneza moja nikalala nayo wiki tatu na naona wote wanabishania kitu siyo.

Sayansi yenyewe si porojo. 1953 pale Chicago watafiti Aserinsky na Kleitman walionyesha kuna sehemu ya usingizi macho yanakimbia chini ya kope, ndio hii REM, na wakati huo misuli mingi huwa imezimwa lakini macho yanaachwa. Ndio maana 1975 huko Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alielewana na Alan Worsley kwamba Worsley akijua yuko ndotoni asogeze macho kushoto kulia kwa mpangilio, na mashine ikachora hiyo ishara jamaa akiwa amelala fofofo. Baadaye Stephen LaBerge wa Stanford akatoa hadi vifaa vya kuvaa, macho yakicheza taa inamulika, mwangaza unaingia ndotoni kama dokezo. Kwa hivyo anayesema haiwezekani amechelewa miaka kama 50.

Kutengeneza nayo si ngumu vile. Taa ndogo ya infraredi, mwangaza usioonekana kwa macho, inapiga kope, sensa inasoma kinachorudi, na kwa sababu jicho limevimba kidogo pale mbele kwa konea, ule utando angavu wa mbele, likizunguka chini ya kope usomaji unabadilika, na hapo taa nyingine nyekundu inamulika. Unaweza pia kubandika elektrodi, vibandiko vya kunasa umeme, kando ya macho usome umeme wa jicho lenyewe, hiyo inasoma vizuri zaidi lakini umeme ni mdogo sana, unataka amplifaya ya maana ya kuukuza, na tafadhali iwe ya betri tu, usichomeke chaja ya ukutani na waya ziko usoni. Mimi nilienda na infraredi kwa sababu ya bei. Miwani ya kuogelea ya mtumba soko la Gikomba, vitu vingine maduka ya Luthuli hapa Nairobi, na jamaa wa duka akaniuliza, "Boss, hizi taa ni za macho ama za nganya?" yaani zile matatu za madoido. Betri ya lithiamu nikaiacha kwa stuli kando ya kitanda na waya mrefu, siwezi lala na kitu ya kushika moto usoni.

Wiki ya kwanza sensa ilikuwa inahesabu nikijigeuza tu. Ya pili nikaota niko steji, nganya inakuja na taa nyekundu zinawaka zinazima, konda ananiita, na mimi badala ya kushtuka kwamba hiyo ni taa yangu nikaanza kutafuta chenji mfukoni. Hapo wapinzani wako na pointi. Taa ilifika, mimi sikuitambua, na hakuna sensa itakufanyia hiyo kazi, lazima mchana ujizoeshe kujiuliza kama unaota, na kabla ya kulala ujiambie utajua.

Lakini kuna kitu nilikuwa nimekosa kabisa. REM haigawanywi sawa usiku, inarudi kama kila dakika 90 na ile ndefu iko karibu na asubuhi. Sasa mtu anaishi Rongai, nje ya Nairobi, analala saa tano na nusu, anaamka saa kumi na nusu ndio aiwahi mat kabla ya jam, hizo saa anakata ndizo zenye ndoto! Anavaa kifaa cha kuwinda kitu ameshaacha kitandani, alafu zile taa zinamwamsha-amsha anapoteza hata kale kausingizi kalibaki. Hiyo kwangu ndio hasara kubwa, kuliko pesa. Na kama wewe hukabwa na jinamizi, ama una kifafa, wachana nayo kabisa, kukatizwa usingizi na taa za kumulika si mchezo kwako.

Jumamosi moja sikuwa na kazi, nikalala hadi saa mbili asubuhi. Rekodi ya sensa ilikuwa imejaa kuanzia kama saa kumi na moja kuliko usiku wote uliotangulia, na nganya ikaja tena na taa zake, konda akaniita, nikamwambia, "Wewe si wa kweli." Akacheka, nikaamka. Sekunde kama kumi hivi. Siku hizi naivaa wikendi pekee, na kanisa naenda ibada ya pili.