Kepteni wa machialida: achaguliwe na kocha au na wenzake?

Haiskuli nyingi za Marekani, ikifika mwezi wa nne au wa tano hivi, timu za chialidingi, yani za vijana wanaoongoza mashangilio kwenye mechi, zinafanya majaribio ya kupata wanaoingia timu ya msimu ujao, na majina yakishabandikwa tu presha nyingine inaanza, ya nani atakuwa kepteni. Kwa mtu wa nje hii inaweza kuonekana ishu ndogo, mabinti na wavulana wachache wanagombea cheo cha kushangilia, kuna nini hapo. Mi naona kuna mengi sana, maana mtoto wa miaka 17 ambaye amekaa miaka mitatu anasubiri nafasi hiyo afu anaambiwa sio yeye, na haelezwi kwa nini, anaondoka na kidonda ambacho hata wazazi wake hawajui wakitibu vipi. Na upande wa pili kuna timu nzima inayobaki na kepteni isiyemwamini kuanzia Agosti mpaka msimu wa basketi uishe.

Kwahiyo swali lenyewe ni hili, kepteni apigiwe kura na wenzake au kocha achague mwenyewe?

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni ipi, maana watu wengi wanabishana bila kuangalia hapo. Siku ya mechi kepteni ndo anaita shangilio, yani yeye anaamua sasa tunapiga lipi, na anatakiwa ajue mpira wa Kimarekani vizuri kiasi cha kutoita shangilio la kuzuia wakati timu yao wenyewe ndo ina mpira. Mchezaji akiumia na kulala chini uwanjani yeye ndo anawanyamazisha wenzake na kuwapigisha goti. Mazoezini anaongoza kupasha mwili, anahesabu moja mpaka nane mamia ya mara, anamfundisha mgeni hatua ambazo wengine wanazijua tangu mwaka jana. Halafu kuna kazi isiyoonekana kabisa, kusuluhisha walionuniana, kumfuata aliyekaa peke yake, kupeleka kwa kocha jambo ambalo wenzake wanaogopa kulisema. Kazi hii ya mwisho ndo nzito kuliko zote na hakuna anayeipigia makofi.

Wanaotaka kura wana hoja nzuri na hata historia inawabeba. Chialidingi ilianza na kelele tu, Novemba 1898 pale Chuo Kikuu cha Minnesota mwanafunzi mmoja anaitwa Johnny Campbell alisimama mbele ya watazamaji akawaongoza kupiga shangilio la timu yao, na huo ndo unahesabiwa kuwa mwanzo. Walikuwa wanaume watupu, wanawake walianza kuingia miaka ya 1920. Kazi ilikuwa kuamsha umati, na mtu wa kuamsha umati lazima awe mtu ambaye umati unampenda, hapo kura ina mantiki kabisa. Mpaka leo chuo cha Texas A&M kina waongoza kelele watano ambao wanapigiwa kura na wanafunzi wenyewe kila mwaka, na hapo hata yakiwa mashindano ya umaarufu sawa tu, kwa sababu umaarufu ndo kazi yenyewe.

Kuna hoja nyingine ya kura ambayo mi naipa uzito zaidi kuliko hiyo ya historia. Wanatimu wanajua vitu ambavyo kocha hajui. Kocha yupo nao masaa mawili jioni, wao wapo pamoja darasani, kwenye basi, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kwenye magrupu ya simu usiku. Wanajua nani ni mpole mbele ya kocha tu na akigeuka anawasema wadogo vibaya. Wanajua nani alibaki na mwenzake baada ya mazoezi wakarudia hatua moja mpaka ikakaa. Ukiwanyima sauti unatupa taarifa zote hizo, afu unawapa kiongozi wa kushushiwa tu kutoka juu, na watoto wa umri huo wakihisi wameshushiwa mtu wanajua kumgomea bila kusema neno, anahesabu wao wanaburuza miguu.

Sasa shida ya kura inaanza pale chialidingi ilipobadilika. Sio kelele tena, ni watu kurushwa juu. Kuna anayerushwa, kuna wawili wanaobeba, na kuna wa nyuma ambaye kazi yake kubwa ni kulinda kichwa na shingo ya aliye juu, na wanne hawa wakikosea hesabu kwa sekunde moja mtu anatua vibaya. Sio utani huo, ripoti za majeraha makubwa kabisa ya michezo ya haiskuli Marekani kwa miaka mingi zimeonyesha chialidingi inachangia zaidi ya nusu ya majeraha hayo kwa wasichana, na mwaka 2012 American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto, kilitoa tamko kutaka itambuliwe rasmi kama mchezo ili ipate ulinzi unaopata michezo mingine. Kwa hali hiyo kepteni ni mtu wa usalama. Binti akigonga kichwa na anataka kuendelea kwa sababu Ijumaa kuna mechi kubwa, mara nyingi atamficha kocha lakini hawezi kumficha aliyekuwa amemshika mguu. Unataka kepteni atakayesema, huyu akae pembeni, hata kama huyo ndo rafiki yake wa karibu na hata kama atachukiwa wiki nzima. Na mtu wa aina hiyo sio lazima ashinde kura. Kura ya watoto wa miaka 15 ikiachwa peke yake inaenda kwa mwenye kundi kubwa la marafiki, na kama mwaka wa mwisho wapo saba na wote ni kampani moja basi wamemaliza uchaguzi kabla haujaanza.

Kitu kingine, kura inapenda wanaoonekana. Anayerushwa juu ndo anapigwa picha, ndo yupo kwenye bango, ndo jina lake linajulikana na shule nzima, lakini ukikaa pembeni ukaangalia mazoezi ya timu nzuri utagundua mara nyingi yule wa nyuma ndo anayeona kila kitu na ndo anayeita hesabu, aliye juu anaangalia mbele tu na kutabasamu kama alivyofundishwa. Mi ningependa sana kuona makepteni wengi zaidi wakitoka kwa wale wa nyuma. Simaanishi anayerushwa hafai, wapo wanaofaa sana, ila macho ya watu yanakimbilia kwake kabla hata ya kufikiria.

Basi tumpe kocha achague mwenyewe? Upande huu pia una hoja. Kocha ndo anabeba lawama mtu akiumia, ndo atafanya kazi na huyo kepteni kila siku, na kama hawaelewani timu inavutwa huku na huku. Kocha ana kumbukumbu ya mahudhurio, nani anachelewa, nani maksi zake za darasani zinamweka hatarini kusimamishwa katikati ya msimu. Na kocha anaweza kuona kiongozi ndani ya mtoto mkimya ambaye wenzake hawajamwona bado, hilo kura haiwezi kabisa.

Lakini kocha naye ni binadamu, na neno ambalo utalisikia kila timu ni kwamba fulani amebebwa. Mama yake ndo anaendesha harambee ya kununua sare, au dada yake alikuwa kepteni miaka miwili iliyopita, au anafanya mazoezi kwenye klabu ya nje ambayo kocha huyohuyo anafundisha. Inawezekana kocha hakuangalia lolote kati ya hayo, ila kama jina lilitoka mfukoni mwake bila maelezo, nani atamwamini?

Na sio wasiwasi wa kufikirika, mfano mkubwa upo. Crystal City, Texas, miaka ya 1960, wanafunzi wengi wa haiskuli walikuwa wa asili ya Meksiko lakini walimu ndo waliokuwa wakichagua machialida, na desturi ilikuwa nafasi moja tu iende kwa binti wa asili hiyo, nyingine zote kwa wazungu. Wanafunzi wakalalamika, wakapuuzwa, Desemba 1969 wakatoka madarasani wakagoma, na moja ya mambo waliyodai ni kuchagua machialida wao wenyewe. Mgomo ule haukuishia kwenye pomu pomu, vile vishada wanavyotikisa machialida, mwaka uliofuata chama kipya cha siasa cha watu wa asili ya Meksiko, La Raza Unida, kilishinda viti kwenye bodi ya shule. Pale walikuwa wanagombania kuingia kwenye timu sio ukepteni peke yake, ila somo la nani anashika kalamu ni lilelile. Watu wazima wakikaa chumbani wakaamua bila vigezo vinavyoonekana, upendeleo unaweza kujificha humo miaka na miaka na kila mtu akauita desturi.

Kuna wanaokwepa mjadala wote kwa kusema wa mwaka wa mwisho wote wawe makepteni. Kwa timu yenye wawili wa mwaka wa mwisho sawa. Kwa yenye tisa haina maana yoyote, kila mmoja anasubiri mwenzake aite shangilio, na aliye mwaka wa tatu mwenye uwezo anafundishwa kwamba umri unatosha. Wengine wanaandikisha insha na kufanya usaili, hiyo sina tatizo nayo, inasaidia kuona nani amefikiria kazi na nani anataka jina tu kwenye fomu ya chuo, ila isipewe uzito mkubwa maana mwenye kalamu nzuri sio lazima awe na moyo wa kumfuata mwenzake anayelia chooni.

Mimi msimamo wangu ni kwamba kocha aamue lakini asiamue mapema, na asiamue bila kura mkononi. Naanza na hilo la muda kwa sababu naona ndo kosa linalofanyika zaidi. Ukitangaza kepteni wiki ileile ya majaribio unamchagua mtu kwa kumbukumbu ya msimu uliopita, wageni hawajajulikana, na wote bado wana tabia nzuri za kuonekana. Subiri kambi ya mazoezi ya kiangazi. Makambi haya yapo tangu Lawrence Herkimer, aliyekuwa chialida mwenyewe, alipoanza kuyaendesha Texas mwaka 1948, na faida yake kubwa kwa jambo hili ni uchovu, siku tatu nne za jua na kurudia kitu kilekile, hapo mtu hawezi kuigiza. Utaona nani anawagawia wenzake maji na nani anaanza kufoka. Kabla ya kambi kila siku mpe mtu tofauti aongoze kupasha mwili na kuita mashangilio, wote wanaoutaka ukepteni wapite hapo, tena zaidi ya mara moja maana siku ya kwanza kila mtu anatetemeka.

Halafu kura ipigwe, ya siri, na mtu mzima mwingine asiye kocha asimamie kuhesabu ili kusiwe na maneno. Lakini swali libadilike. Ukiuliza unataka nani awe kepteni umeuliza nani rafiki yako. Uliza, ukiwa umerushwa juu na kitu kikaenda vibaya ungependa nani awe chini yako? Uliza, ukiwa na tatizo usiloweza kumwambia kocha ungemwambia nani? Mtoto akiulizwa hivyo anafikiria mwili wake na siri zake, na majibu yanabadilika sana, jina la mtu maarufu linaweza kutoweka kabisa na likaibuka jina la binti ambaye hakuna aliyemtarajia. Kocha achukue majibu hayo, aweke pamoja na mahudhurio na alichokiona kambini, achague wawili, wa tatu kama timu ni kubwa sana. Na jina ambalo hakuna hata mwenzake mmoja aliyelitaja asilipitishe hata kama yeye analipenda kiasi gani, hapo kura iwe na nguvu ya kumzuia.

Najua wapo watakaosema hii bado inampa kocha mamlaka ya mwisho, na kocha mwenye nia mbaya atapita tu. Ni kweli, sina dawa kamili ya hilo. Kinachopunguza ni vigezo kuandikwa kwenye karatasi na kupewa wanafunzi na wazazi wao kabla ya majaribio, sio baada, ili mzazi akija kulalamika mwezi wa nane kuna kitu cha kufungua na kusoma pamoja naye.

Limebaki la kutangaza, na hapa naomba makocha wanisikilize. Usiweke majina kwenye mtandao wa timu usiku ukazima simu. Mwaka 2017 binti mmoja wa Pennsylvania alikosa nafasi kwenye timu kubwa ya chialidingi ya shule yake, akaandika matusi Snapchat akiwa nje ya shule siku ya mapumziko, wakamsimamisha kwenye chialidingi mwaka mzima, kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani na Juni 2021 majaji 8 dhidi ya 1 wakasema shule ilikosea. Miaka minne ya mahakama kwa sababu ya hasira ya dakika chache. Uchungu wa kukosa upo na utakuwepo. Kwahiyo kaa na kila aliyeomba, mmoja mmoja, dakika kumi, kabla timu haijajua. Mwambie nini kilikosekana kwa lugha ya kazi sio ya tabia, mwambie ulichokiona kizuri, na kama ni wa mwaka wa mwisho mpe kitu cha kweli cha kushika, labda awe ndo anayewafundisha wapya kubeba na kulinda shingo ya aliye juu, afu jioni ileile mkabidhi hao wapya aanze nao.