Moduli Moja, Mifumo Kumi, Usingizi Hakuna

Hivi nani alituloga sisi tunaotunza moduli za seva za wavuti, yaani vipande vya programu vinavyoiongezea seva uwezo? Msimbo ni uleule, hata nukta haijaguswa, lakini kila mfumo wa Linux una masharti yake. Kwenye Debian, ili kujenga moduli ya seva ya Apache (kugeuza msimbo uwe programu), unaambiwa usakinishe kifurushi cha apache2-dev. Ukihamia Fedora jina hilo halipo, huko ni httpd-devel. Alpine nayo haitumii glibc, maktaba ya msingi ya C iliyomo Debian, inatumia nyingine iitwayo musl, basi faili ulilojenga Debian likifika huko linagoma!

Lakini kinachonichoma zaidi ni Nginx, seva nyingine ya wavuti. Tangu toleo 1.9.11 la mwaka 2016, moduli zinaweza kupakiwa bila kuijenga seva yenyewe upya. Tukashangilia. Kumbe lazima moduli ijengwe kwa toleo lilelile la seva, tena kwa vigezo vya ujenzi vinavyooana! Seva ikisasishwa usiku, asubuhi moduli inakataliwa na seva haiwaki. Binadamu gani atajenga upya kwa kila toleo, kila mfumo, kila aina ya prosesa, na bila malipo?

Halafu mtu anakuandikia: "Kwangu haifanyi kazi."

Kwako wapi, ndugu yangu? Mfumo gani? Toleo gani? Kimya. Wiki nzima, kimya!

Wenzangu, nyinyi mnalala saa ngapi?