Maikrowevu ya mgahawani haitaki fundi jasiri

Fundi anayejisifu kwamba ameshazoea kupigwa shoti, mimi simpi maikrowevu ya mgahawa aifungue. Najua wenzangu watanuna. Wengi wetu tulijifunzia kazi kwenye redio na televisheni za kichogo, na huko kurushwa mkono na umeme kulikuwa sehemu ya ufundi. Unarushwa, wenzako wanacheka, unaendelea.

Shida ni kwamba uzoefu ule unadanganya. Televisheni ya kichogo inapeleka zaidi ya volti 20,000 kwenye kioo, lakini mkondo wake ni mdogo sana. Maikrowevu inafika kama volti 4,000 hivi, na nyuma yake kuna transfoma nzito ambayo haiishiwi nguvu eti kwa kuwa mkono wako umegusa waya. Anayeguswa na umeme ule mara nyingi hapati nafasi ya kusimulia. Na usidhani kuchomoa plagi kumemaliza kazi: kapasita, kile kipuri kinachohifadhi umeme, inabaki na chaji. Nyingi zina rizista ndogo ndani ya kuimaliza taratibu, ila rizista hiyo ikikatika hakuna dalili yoyote nje. Maikrowevu kubwa za biashara, za wati 1,800 na kuendelea, mara nyingi zina magnetroni (kipuri kinachotoa mawimbi ya kupasha) mbili, transfoma mbili, kapasita mbili. Umemaliza chaji upande mmoja ukaridhika? Upande wa pili bado.

Ndiyo maana nasema kazi nyingi ifanyike kabla bisibisi haijatoka mfukoni.

Chukua lalamiko linalojirudia kila mahali: maikrowevu inafanya kazi vizuri asubuhi, inazimika saa saba mchana wateja wamejaa, saa tisa inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Mwenye mgahawa analaumu umeme. Fundi mwenye haraka anataja bodi ya saketi, na bodi ina bei nzuri. Mimi natazama kwanza imekaa wapi. Ukiikuta jirani na karai la chipsi, mvuke wa mafuta umeshaziba filta ya hewa, feni inavuta pasipo na hewa, na themostati ya usalama, swichi inayohisi joto, inakata kabla magnetroni haijaungua. Filta inatoka kwa mkono, inaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, inakaushwa, inarudi. Jikoni ya namna hiyo ioshe kila wiki. Wengi hawajui hata kama ipo.

Cheche ndani nazo zinatisha kuliko zinavyostahili. Mara nyingi ni kile kibati cha maika kinachofunika tundu la mawimbi, kimerukiwa na mchuzi hadi kikawa mkaa. Zima, usiendelee kupasha, badilisha kibati. Ni kipuri cha bei ndogo.

Kama lalamiko ni kwamba chakula hakipati moto, pima kwa maji. Weka lita moja, soma joto lake kwa kipimajoto, pasha kwa nguvu zote dakika moja kamili, koroga, soma tena. Zidisha nyuzi zilizoongezeka kwa 70, utapata wati kwa kukadiria. Ya wati 1,000 ipandishe maji kama nyuzi 14. Ukipata nusu ya kilichoandikwa kwenye kibandiko, na maikrowevu ina magnetroni mbili, basi yumkini moja imekufa. Mpishi hakugundua kwa sababu alikuwa anaongeza dakika tu.

Ikibidi kufungua, plagi iwe imechomolewa na ionekane kwa macho, si kuzimwa ukutani. Chaji imalizwe kwa rizista yenye waya uliofunikwa vizuri, kila kapasita, bila haraka. Baada ya hapo mita ipime ukinzani tu. Filamenti ya magnetroni, waya wake wa ndani unaopata moto, isome chini ya omu moja, na kati yake na bodi ya chuma kusiwe na njia kabisa. Kupima ule umeme mkubwa ukiwa unawaka, kwa mita hizi za dukani, ni kujitafutia msiba. Mita yenyewe haikutengenezwa kwa volti hizo. Na diodi ya maikrowevu, ile inayopitisha umeme upande mmoja tu, isihukumiwe kwa mita ya kawaida: betri ndogo ya mita haiwezi kuifungua, kwa hiyo hata nzima inasoma imekatika. Nadhani diodi nyingi zinatupwa jalalani zikiwa hai.

Sasa mlango, ambao ndio unaonikera hasa. Nyuma ya lachi, kile kifungio cha mlango, kuna swichi, kwa kawaida tatu. Mbili zinakata umeme mlango ukifunguliwa. Ya tatu inazilinda hizo: swichi ya kwanza ikigandana, ya tatu inapiga shoti kwa makusudi ili fyuzi ikatike na maikrowevu isiwake mlango ukiwa wazi. Kwa hiyo mteja akisema fyuzi inakatika kila akifungua mlango, amekupa jibu tayari. Badilisha swichi, zote kwa pamoja. Lakini kinachofanyika mitaani ni fyuzi kuongezwa ukubwa, au kufungwa waya wa shaba, au swichi kuunganishwa moja kwa moja ili "kazi iende". Mpishi anayeinama mbele ya mlango huo siku nzima hajaambiwa kitu. Mawimbi yakivuja, macho ndiyo ya kuogopewa zaidi, kwa kuwa lenzi ya jicho haina damu ya kuondoa joto.

Mvujo wa mawimbi unapimwa kwa kifaa chake. Kanuni za Marekani, tangu 1971, haziruhusu kuzidi miliwati 5 kwa sentimita ya mraba, umbali wa sentimita 5. Ile video inayozunguka ya kutia simu ndani na kuipigia haipimi chochote. Simu inapokea mawimbi hafifu mno kuliko hayo.

Wenye migahawa wana lawama yao pia. Wanataka maikrowevu irudi kabla ya chakula cha mchana, na wakitajiwa bei ya swichi tatu wanauliza kwa nini fulani aliunga waya tu ikapona. Mimi mteja akikataa swichi mpya naikataa kazi, na nikimrudishia maikrowevu yake plagi naikata mbele yake na kumkabidhi mkononi. Wengine huondoka bila kuaga.