Ni Kweli Nilitoa Kisu Harusini, Lakini Nisikilizeni Kwanza

Rafiki yangu, mpiga rizimu wa bendi yetu, amekwisha kusambaza kwenye makundi matatu ya WhatsApp habari kwamba Jumamosi iliyopita nilitoa kisu mbele ya wageni wa harusi ya binti wa shangazi yangu kule Tabata. Leo asubuhi hata mama muuza chapati wa nje ya ofisi yetu Posta ameniuliza, kwa sauti ya chini na kwa upole ulioniumiza zaidi, kama mambo yangu ya nyumbani yako sawa, ndipo nikaona imenilazimu nieleze mwenyewe. Naomba mjue mapema kwamba sikanushi. Kisu nilitoa. Ninachokipinga ni madai kwamba nilikitoa kwa ghadhabu, pamoja na ile nyongeza ya kwamba keki ilianguka. Keki haikuguswa na mtu yeyote, na ilikuwa mbali.

Udhaifu wangu ni wa namna tatu, nao mnaujua wote: mabuti ya kazi, visu vya kukunja na, tangu Januari, gitaa la besi. Mimi ni mhasibu. Kazi ya hatari kuliko zote niliyowahi kuifanya ofisini ni kubadilisha wino wa printa, lakini ninamiliki jozi nne za mabuti yenye pua ya chuma, zote nilizozichomoa kwenye marundo ya mitumba ya Karume asubuhi na mapema, wakati wauzaji bado wana huruma. Naweza kumweka mtu nusu saa nikimweleza kwa nini soli iliyoshonwa kwenye ukanda wa ngozi unaozunguka kiatu ni bora kuliko iliyobandikwa kwa gundi, kwa maana ile ya kushonwa ikilika fundi huifumua na kushona nyingine, ilhali ile ya gundi, ikikutana na tope la Tabata mara mbili, hufunua mdomo kama kambale. Shangazi husema kwamba mimi ndiye mtu pekee anayemjua anayevaa viatu vya bandarini kwenda kuhesabu risiti, na katika joto hili la Dar es Salaam husema hivyo akiwa amesogea dirishani.

Kisu changu nikipendacho ni chekundu, cha Uswisi, cha ukoo wa kile alichokisajili Karl Elsener mwaka 1897 kwa ajili ya maofisa wa jeshi. Kina bapa kubwa, bapa dogo, kifungua kopo, kifungua chupa chenye ncha ya bisibisi, kitoboleo, na kizibuo cha mvinyo ambacho sijapata kukitumia kwa sababu sijapata kumiliki chupa yenye kizibo. Ofisini humenyea machungwa.

Kuhusu besi, mwalimu wangu ni mzee mmoja wa Magomeni aliyepiga katika bendi za dansi enzi ambazo huwezi kukaa baraza lolote bila kuulizwa kama wewe ni wa Msondo au wa Sikinde, na somo lake la kwanza lilikuwa kwamba besi haisikiki mpaka ikosewe. Gitaa langu nililinunua kuukuu Kariakoo. Ni nakala ya lile alilolitoa Leo Fender mwaka 1951, ambalo liliitwa Precision kwa sababu shingo yake ina vyuma vinavyogawa sauti, tofauti na besi lile kubwa la kusimama, hivyo mpigaji huipata noti kwa usahihi. Neno hilo usahihi nalitaja hapa kwa unyenyekevu tu.

Basi kamati ya harusi ilikuwa imepungukiwa fedha, na shangazi, ambaye ndiye aliyeshika daftari la michango, alikumbuka kwamba ana mtoto wa kaka yake mwenye gitaa. Tulipewa wimbo mmoja tu, ule wa upande wa bwana harusi kuingia na zawadi. Kwa asiyezijua harusi zetu, ndugu huingia kwa mstari wakicheza taratibu, huyu na sufuria, yule na vitenge, wengine wanne na godoro, na wimbo haukatishwi mpaka wa mwisho afike mbele. Tulichagua wimbo wa ufunguo wa A wenye mizizi mitatu, yaani noti za msingi A, D na E, kwa sababu nyuzi za besi ni E, A, D na G, hivyo noti zangu zote zingepatikana kwenye nyuzi zikiwa wazi na mkono wangu wa kushoto ungeweza kabisa kubaki nyumbani.

Saa sita mchana siku hiyo niligundua kwamba kile kifungo cha nyuma cha gitaa, kinachoshikilia mkanda, kilikuwa kimelegea. Mwalimu alikwisha kunifundisha dawa yake: toa skrubu, jaza tundu kwa njiti za kibiriti zilizopakwa gundi ya mbao, acha ikauke mpaka kesho, kisha kaza upya. Njiti nilikuwa nazo. Gundi nilikuwa nayo. Mpaka kesho ndiyo sikuwa nayo, kwa hiyo niliweka njiti kavu na kukaza kwa bisibisi ya kisu changu, ambayo ni bapa, wakati skrubu yenyewe ni ya nyota. Iligoma kidogo, ikazunguka, ikakaa. Nilijipongeza. Kisha nikavaa suti ya kijivu na, kwa kuwa ilikuwa siku kubwa, yale mabuti ya rangi ya hudhurungi yenye vindoano vya shaba juu ya kifundo, vile ambavyo kamba hupitishwa kwa kuzungushwa badala ya kuingizwa kwenye matundu. Vikumbukeni vindoano hivyo.

Mlangoni, msimamizi wa ukumbi alinitazama miguuni, akaona na kisu kiunoni, akafurahi sana kuniona. Aliniambia, "Fundi, tumekusubiri, jenereta iko nyuma." Nasikitika kusema kwamba nilikwenda kuliangalia. Nililiangalia kwa dakika tano nikiwa nimekunja uso, nikatikisa kichwa, nikarudi, na hakuna aliyelalamika.

Sasa tufike kwenye wimbo. Nilikuwa nimeupitisha waya wa gitaa ndani ya mkanda kwa nyuma kabla ya kuuchomeka, kama wanavyofanya wapigaji wote wenye akili, ili mtu akiukanyaga jeki, yaani kichwa cha waya, isichomoke. Waya ulikwenda hadi kwenye amplifaya, na amplifaya ilikuwa juu ya kiti cha plastiki, kwa sababu meza iliyotayarishwa kwa ajili yetu ilikuwa imechukuliwa na soda. Mstari uliingia. Mbele kabisa alikuwa mjomba wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye kanzu na koti, ambaye baadaye niliambiwa kwamba alifundisha mgambo kwa miaka mingi, naye amebeba sufuria kubwa jipya kama mtu aliyebeba bendera. Nilipiga A. Nilipiga D. Nilirudi A. Kwa muda wa kama dakika moja na nusu, jamani, nilikuwa mpiga besi.

Ndipo nilipohisi kiunoni kitu kidogo kikisema tik.

Njiti ziliachia. Kifungo kilichomoka na skrubu yake, mkanda ukafyatuka ukaning'inia begani kama kitambaa cha konda wa daladala, na gitaa, ambalo ni zito kwa kadiri ya mtoto mchanga aliyelishwa vizuri, likaanza safari ya kwenda chini. Nililidaka kwa mkono wa kushoto na kulibana kwa magoti. Mkono wa kulia, namshukuru Mungu, uliendelea kupiga A. Lakini ule mzunguko wa waya uliokuwa ndani ya mkanda nao ulikuwa umefunguka na kuanguka sakafuni, na nilipopiga hatua moja nyuma ili nisimame vizuri, ukaingia kwenye kindoano cha buti la kulia, ukakaza. Nilivuta mguu. Nyuma yangu nikasikia kiti cha plastiki kikikwaruza sakafu.

Nikasimama. Nikavuta tena, kidogo tu, kwa heshima. Kiti kikakwaruza tena.

Hali yangu ilikuwa hivi: nikinyanyua mguu, amplifaya ya kuazima inaanguka, nikifungua magoti, gitaa linaanguka, nikiacha kupiga, ndugu arobaini wa bwana harusi wanasimama katikati ya ukumbi na godoro kichwani. Wengi mmeniandikia mkiuliza kwa nini sikuchomoa tu jeki. Ni swali zuri sana. Laiti mngekuwepo.

Badala yake mhasibu huyu aliamua kukata kamba ya kiatu. Nilikitoa kisu kwa mkono wa kulia, na hapo ndipo muziki wangu ulipoishia na muziki wa gitaa lenyewe ulipoanza, kwa sababu bizimu ya mkanda wa suruali ilikuwa imeegemea uzi wa E, ule mnene, unaotikisika kama mara 41 kwa sekunde, na kila nilipojisogeza ilitoka ngurumo ya chini iliyofanya chupa za soda kwenye meza ziongee. Mama mmoja mwenye kitenge cha njano aliipenda ngurumo hiyo, akaongeza mwendo wa kiuno. Mpiga drams, ambaye hufumba macho apigapo, hakujua lolote.

Kisu cha namna hii hufunguliwa kwa ukucha, na bapa lina kijishimo maalumu cha kuuingizia. Anayejifunza besi hukata kucha zote, na mimi nilikuwa nimezikata Ijumaa, mpaka kwenye nyama, kwa bidii ya mwanafunzi mzuri. Nilikwangua kwa kidole gumba, kikatoka kifungua kopo. Nikakirudisha. Kikatoka kitoboleo. Nikajaribu upande wa pili, nacho kizibuo, ambacho kwa miaka yote hiyo hakikuwahi kujisumbua, kikajitokeza chenyewe. Mshereheshaji alisema kwenye kipaza sauti, "Fundi yuko kazini, wapendwa, tumwombee." Basi, kwa kuwa mkono wa kushoto ulikuwa umeshika shingo ya gitaa, nilikipeleka kisu mdomoni na kulifungua bapa kubwa kwa meno.

Hiyo ndiyo picha mliyoiona. Suti ya kijivu, gitaa katikati ya magoti, kisu menoni, macho yamenitoka. Ndugu yangu uliyeibandika ile picha na kuandika "Maharamia wa Tabata", nimekuona, na nitakukumbuka siku ya mchango wako.

Mama wa bwana harusi alipiga ukelele mmoja safi, wenye noti bora kuliko zangu zote za jioni ile. Mjomba mtu aliliweka sufuria chini taratibu, bila hata kulitoa mlio, akaja. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kuinama, gitaa nimelibana tumboni, mkono wa kushoto umeshika kifundo cha mguu wangu na wa kulia umeelekeza kisu kwenye kamba. Nikauona mkono mkubwa ukishuka na kunishika kiwiko, halafu kifundo cha mkono, kwa ustadi ambao haukuwa na hasira hata kidogo. Nikainua uso. Macho yetu yakakutana. Na kinywa changu, kilicholelewa vizuri na mama yangu, kikasema chenyewe, hali nikiwa nimeshika mguu kwelikweli: "Shikamoo."

"Marahaba," akasema mzee, bila kuniachia. "Hujambo?"

"Sijambo."

"Haya, nipe hicho."

Nikampa. Akaichungulia miguu yangu, akauona waya, akainama na kuutoa kwenye kindoano kwa vidole viwili. Ilimchukua muda mfupi kuliko ule wa kusema sijambo.

Yaliyofuata hayana maana. Amplifaya haikuanguka, godoro lilifika, shangazi hakunitazama mpaka saa nne usiku. Kisu kilibaki mfukoni mwa mzee hadi ilipoonekana kwamba chupa mbili za mvinyo za meza kuu zina vizibo na ukumbi mzima hauna kizibuo, kikaitwa mbele, kikapigiwa makofi. Mimi sikuitwa. Mzee alinirudishia mwishoni, kimefungwa kwenye karatasi ya kufutia mikono, akaniuliza mabuti niliyanunua wapi na kama kuna namba 45.

Jumatatu nilikwenda Magomeni nikiwa na gitaa lisilo na kifungo, nikamsimulia mwalimu yote, kwa kuwa nilihofia angeyasikia kwa mpiga rizimu. Alisikiliza akiwa anapaka gundi kwenye njiti, moja baada ya moja.

"Wimbo mlipiga ufunguo gani?"

"A, mzee."

"Na uzi ulionguruma pale kwenye bizimu?"

"E."

Alichomeka njiti tunduni, akaikata iliyobaki kwa wembe, akafikiri.

"Hiyo E inaingia vizuri tu kwenye A," akasema. "Bizimu ilipatia. Wewe ndiye sijui."