Mwambao 1963: waliulizwa bendera, wakanyimwa swali la ardhi

Kila kauli ya "Pwani si Kenya", ya wanaotaka Pwani ijitenge, inapovuma, mabishano hurudi kwenye mikataba ya 1895 na 1963. Maoni ya wananchi wenyewe hayatajwi sana.

Mwambao, yaani ukanda wa pwani wa maili kumi, Vanga hadi Kipini pamoja na visiwa vya Lamu, ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Kwa mkataba wa 1895 Waingereza waliukodi tu, na bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea Fort Jesus. Uhuru ulipokaribia, Sir James Robertson alitumwa mwaka 1961 kusikiliza wenyeji. Alipokea wajumbe na barua zao, kura haikupigwa, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya.

Waliodai Mwambao ujitawale au urudi Zanzibar, wengi wao Waarabu na Waswahili, walishika mkataba na hofu ya kumezwa na wabara: kazi, dini, vyote. Ni hofu ambayo siwezi kuibeza. Malalamiko ya ajira bandarini yapo hadi leo. Lakini Wamijikenda, jamii za Kiafrika za Pwani, walikuwa wengi kuliko Waarabu, na kwao Sultani alimaanisha utumwa na mashamba makubwa ya watu wengine. Tena bandari ya Kilindini ingeishije bila reli na mizigo ya bara? Ronald Ngala, mwanasiasa wa Pwani, alitaka majimbo, yaani mikoa yenye mamlaka yake, ila ndani ya Kenya.

Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, wakakubaliana London. Sultani akaachia ukanda, Kenya ikaahidi uhuru wa dini, mahakama za kadhi, mafunzo ya Kiarabu, na kwamba hati za ardhi zitaheshimiwa.

Hapo kwenye hati ndipo penye kidonda. Mgiriama, mmoja wa Wamijikenda, aliyelima shamba la mwenye hati huko Malindi alipata serikali aliyoitaka, lakini makaburi ya wazee wake yakabaki ndani ya shamba la mtu. Mwenye shamba, aliyeipinga Kenya kwa nguvu zote, karatasi yake ikalindwa na Kenya hiyohiyo. Wote wawili walikuwa wamebishana kuhusu bendera.

Kura ingepigwa, nadhani upande wa Kenya ungeshinda kwa idadi tu. Hata hivyo kampeni zingelazimisha ardhi ijadiliwe hadharani Kilifi na Kwale, badala ya kumalizwa kwa barua London. Kadhi tunaye bado, yumo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Maskwota, wanaoishi kwenye ardhi wasiyo na hati nayo, nao tunao.